Taka hazipotei, huhama tu

Ni saa moja jioni. Umeshuka matatu, umenunua sukuma wiki na nyanya kwa mama wa kibandani, na sasa unakaribia nyumbani. Kabla hujafika langoni, pua yako inakupa habari: mwisho wa barabara kuna mtu aliyewasha lundo la taka.

Unaingia ndani, unafunga dirisha na kuweka kitambaa chini ya mlango. Baada ya saa kadhaa moto unafifia, na asubuhi lile lundo limekuwa jivu. Majirani wanasema mahali pamekuwa safi.

Je, msomaji, ni kweli pamekuwa safi? Lile lundo limekwenda wapi?

Sehemu yake imebaki jivuni. Sehemu nyingine, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, imepenya katika tundu la dirisha na kuingia kifuani mwa mtoto aliyelala. Taka hazikuisha. Zimehama tu.

Hilo ndilo jambo tunalotaka ulifikirie wiki hii. Kila panapozungumzwa habari za kusafisha jiji la Nairobi, wakazi huwa na mapendekezo chungu nzima. Ukiketi katika mkutano wa chama, katika baraza ya chifu, kwa kinyozi au ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, utayasikia. Mengi ni mazuri, kwa sababu yanatoka kwa watu wanaoishi na uchafu wenyewe. Lakini si yote yanayofaa. Kipimo ni kimoja: je, wazo hili linaondoa uchafu, au linauhamisha tu kutoka mlangoni pako hadi kwa mwenzio?

MJI WA MAJI BARIDI

Jina Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, mahali hapa palikuwa na kinamasi na mito. Kufikia sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Nairobi ilikuwa na wakazi 4,397,073.

Watu wengi namna hiyo hawawezi kula, kupika na kusafiri bila kuacha taka. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba jiji hutoa zaidi ya tani 2,400 za taka kila siku. Sehemu yake huokotwa na kupelekwa katika jaa la Dandora, kama kilomita 8 mashariki ya katikati ya jiji. Zilizobaki huishia mitaroni, mitoni, kando ya barabara au motoni.

Huenda wewe unaishi Kilimani au Lavington na kila wiki kampuni fulani huja kuchukua mifuko yako langoni. Unalipa, unashukuru, unasahau. Lakini mfuko ule haukuyeyuka. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ulifika Dandora, ambako kuna mtoto anayepita kando yake akienda shule.

DAMU YA WATOTO

Jaa la Dandora lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya sabini. Mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 baadaye malori bado yalikuwa yakimwaga taka pale pale.

Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kuhusu jaa hilo. Watoto 328 wanaoishi na kusomea karibu na jaa walipimwa. Karibu nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichopita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Wengi walikuwa pia na maradhi ya kifua.

Risasi ni madini yanayotumiwa katika betri za magari, katika baadhi ya rangi za nyumba na katika vifaa vya umeme. Zamani yalitiwa hata katika petroli, lakini Kenya iliacha kuuza petroli ya aina hiyo mwaka 2006. Hilo lilikuwa jambo jema kwa kila mwenye mapafu. Kwa hivyo hatari iliyosalia inatoka zaidi katika betri zinazopasuliwa ovyo, rangi kuukuu inayobambuka na taka zinazochomwa.

Madini haya yakiingia mwilini mwa mtoto hushambulia ubongo. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, hukosa utulivu, huweza kupungukiwa na damu na hata kusikia vibaya. Mzazi humwona mtoto mvivu na mwalimu humwona mtundu, kumbe ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo hunyonya madini haya mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima.

Ikiwa unaishi karibu na jaa, gereji au mahali pa kuyeyushia vyuma kuukuu, kuna mambo unayoweza kufanya leo. Mwoshe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani mara nyingi madini huingia kwa vumbi la mikononi. Pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia ikiwa kavu. Anayefanya kazi na betri au vyuma kuukuu avue nguo za kazi kabla ya kumpakata mtoto. Mpe mtoto vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharagwe, mboga za majani, maziwa na omena, kwa sababu mwili uliokosa vyakula hivyo hunyonya risasi kwa wingi zaidi. Na ukiwa na shaka, mwone daktari na umweleze unakoishi.

Sasa tuyatazame mapendekezo ya wakazi, moja baada ya jingine.

NDOO MBILI JIKONI

Pendekezo linalosikika zaidi ni la kutenganisha taka nyumbani. Wengi hulipuuza wakidhani ni mambo ya Ulaya. Kwa kweli ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote.

Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Zikiwa peke yake hazina ubaya; nyanya yako kule mashambani huzitupa katika migomba na hapana anayeugua. Ubaya huanza zinapofungiwa katika mfuko mmoja na chupa, nepi na betri. Huoza bila kupata hewa, hutoa uvundo na gesi inayoshika moto, huita panya na nzi, na maji yake meusi hutiririka hadi mtoni. Wakati huo huo huchafua karatasi na plastiki ambazo zingeuzwa.

Tuseme unaishi katika ploti ya vyumba 20. Kila chumba kiwe na ndoo mbili, moja ya taka zinazooza na nyingine ya taka kavu. Ndoo ya kwanza ifunikwe na imwagwe kila siku. Zinazooza zina wateja: mfugaji wa nguruwe au kuku, mwenye shamba la mboga, au shimo la mboji nyuma ya ploti. Taka kavu ni za kijana mwenye mkokoteni ambaye huuza plastiki, chupa na vyuma kwa kilo. Kinachobaki cha kupelekwa jaani kitakuwa kidogo mno.

Kuna njia nyingine ambayo imeanza kushika hapa nchini. Ni ufugaji wa nzi weusi wanaoitwa nzi askari. Usishtuke, nzi huyu si yule wa chooni na akikomaa hana haja na chakula chako. Funza wake hula mabaki ya chakula kwa pupa, na katika muda wa wiki mbili hivi huwa wamenona. Hukaushwa na kufanywa chakula cha kuku, samaki na nguruwe, na kinachobaki huwa mbolea. Wataalamu wa taasisi ya icipe, iliyoko Kasarani, wamelitafiti jambo hili kwa miaka kadhaa. Hebu fikiria majani ya kabichi na mabua ya ndizi yanayotapakaa kila asubuhi katika soko la Wakulima, yaani Marikiti. Yote hayo ni chakula cha kuku kinachotupwa.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mwenye kutoa taka azitenganishe. Wakazi hulalamika, na haki ni yao, kwamba hata wakitenganisha, lori huja na kuchanganya kila kitu. Jibu wanalopendekeza ni kwamba ploti nzima au korti nzima iafikiane na mzoa taka mmoja, na sharti la kutochanganya liandikwe kabla ya malipo. Mwenye kulipa ana sauti. Majirani 20 wakisema kwa pamoja, hata lori husikia.

USIWASHE KIBERITI

Pendekezo jingine husikika sana, nalo ni baya. Husemwa: "Tuchome taka, tusisubiri kaunti." Hapa ndipo inapofaa kukumbuka kile kipimo chetu.

Plastiki, nepi, viatu na nyaya zikichomwa nje kwa moto mdogo hutoa sumu za aina nyingi, zikiwemo zile ziitwazo dayoksini, ambazo huweza kusababisha saratani. Moshi huo pia una chembe ndogo mno, ndogo kuliko sehemu ya thelathini ya unene wa unywele. Chembe hizo hazizuiwi na pua wala koo. Hupenya hadi ndani ya mapafu na nyingine huingia katika damu. Ndizo zinazoamsha pumu, kuzidisha kichomi kwa watoto na kuleta maradhi ya moyo na kiharusi kwa watu wazima.

WHO linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, huua karibu watu milioni 7 duniani kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango cha juu kinachopendekezwa cha chembe hizo, wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita mchemraba ya hewa. Vipimo vilivyofanywa Nairobi vimekuwa vikipita kiwango hicho.

Kwa hivyo msomaji, wewe na jirani yako mwekeane ahadi moja: hakuna kiberiti katika taka. Ukiona moshi, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mchokozi. Ni kifua cha mtoto wako.

KORTI MOJA DANDORA

Ukidhani watu wa kawaida hawawezi kitu, tembea Dandora. Mtaa huo ulijengwa kuanzia miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na nyumba nyingi zilipangwa kuzunguka viwanja vidogo vya wazi ambavyo wenyeji huviita korti. Miaka ilivyopita, korti nyingi ziligeuka kuwa majaa madogo na maficho ya wahalifu.

Katika miaka ya 2010 vijana wa mtaa huo walianza kuzoa taka katika korti zao wenyewe, wakapanda nyasi na miti, wakapaka kuta rangi na kuweka mahali pa watoto kuchezea. Wenye magari walilipa kidogo ili yalindwe usiku, na fedha hizo zikawa mshahara wa kutunza korti. Baadaye korti zikaanza kushindanishwa, na usafi ukawa jambo la kujivunia kama kandanda.

Tazama faida za kiafya. Mtoto ana mahali pa kukimbia bila kukanyaga kioo. Maji hayatuami, kwa hivyo mbu hawana mazalio. Mzee ana kivuli cha kuketi. Kijana ana kazi. Na mama anaweza kutoka usiku kwenda msalani pasipo hofu.

Somo lililopo ni kwamba waliofaulu walianza na eneo dogo linaloonekana lote ukisimama mlangoni. Hawakuanza na jiji zima.

MTO SI MTARO

Mto Nairobi hupita mabonde ya jiji, huungana na Athi, na hatimaye kwa jina la Galana na Sabaki humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Chupa unayoitupa mtaroni Kariobangi inaweza kuwa na safari ndefu kuliko ile utakayosafiri wewe sikukuu ya Krismasi. Na njiani humo kuna watu wanaokunywa, wanaooga na kunyweshea mifugo maji hayo.

Shida kubwa zaidi ya mto ni maji ya vyoo. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka, na katika vijiji vya mabanda choo kimoja huweza kutumiwa na familia nyingi mno. Huko ndiko kulikotoka zile karatasi zinazorushwa usiku. Matokeo yake ni kuhara, homa ya matumbo, minyoo na kipindupindu, ambacho kililipuka Nairobi mwaka 2017 na kurudi tena miaka iliyofuata.

Lakini wakazi wamekuwa na busara. Kibera kuna vyoo vya jamii vilivyojengwa juu ya matangi yanayogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia. Mukuru, tangu mwaka 2011, kumekuwa na vyoo vya Fresh Life ambavyo uchafu wake hukusanywa katika vyombo vinavyofungwa na kupelekwa kutengenezwa mbolea, bila kuhitaji bomba la maji taka. Korogocho vijana wamegeuza sehemu ya ukingo wa mto iliyokuwa jaa kuwa bustani. Hapa uchafu haukuhamishwa. Umegeuzwa kitu kingine.

Kuhusu nepi za kutupa, ambazo ni kilio cha kila mtaa, fanya hivi: kinyesi kimwage chooni kwanza, nepi ikunje na kuifunga, kisha iweke pamoja na taka zitakazozolewa. Usiitie chooni wala mtaroni, kwani huvimba na kuziba. Ukiweza kutumia nepi za kitambaa mchana na za kutupa usiku tu, utaokoa pesa na mtaro pia.

Na mitaro iliyoziba si jambo dogo. Katika mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, watu walipoteza maisha na makao, na bonde la Mathare liliumia vibaya. Mvua ilikuwa kubwa, hilo ni kweli. Lakini maji yanayokuta mtaro umejaa plastiki hupanda mlangoni haraka zaidi. Ndiyo sababu wakazi hupendekeza kila korti izibue mitaro yake kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, badala ya kungoja maji yafike magotini.

Tusisahau kwamba mabadiliko yanawezekana. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa tishio la faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka 4. Wengi walisema haitawezekana. Leo mama mboga hakupi tena ule mfuko mwembamba kama zamani, na hakuna aliyekufa kwa kubeba kikapu.

HEWA YA BARABARANI NA YA JIKONI

Zaidi ya thuluthi moja ya safari za Nairobi hufanywa kwa miguu. Anayetembea Landhies Road asubuhi huvuta moshi wa magari ya watu wengine na hana alichochangia. Kwa hivyo wakazi wanaposema jiji lijenge njia za miguu zenye miti na zisizogeuzwa maegesho, hawaombi mapambo. Wanaomba afya.

Madereva na makanga nao wana la kufanya. Matatu inayosubiri abiria stejini haina haja ya kunguruma kwa robo saa. Mabasi ya umeme, ambayo yalianza kuonekana jijini mwaka 2022, hayatoi moshi barabarani. Na kwa kuwa takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hapa moshi hauhamishiwi kwa jirani.

Nyumbani, jicho lako liwe juu ya jiko. Jiko la makaa ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha ni hatari mara mbili: moshi wake huumiza kifua, na gesi yake isiyo na harufu huweza kuua waliolala. Ikiwa huwezi kununua gesi, pikia nje au karibu na mlango ulio wazi, loweka maharagwe usiku ili yaive upesi, na kamwe usilale na jiko linalowaka chumbani eti kwa ajili ya baridi ya Julai.

MITI NA SUKUMA WIKI

Wakazi wa jiji hili wamewahi kuokoa miti yao. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika Uhuru Park. Alitukanwa, lakini mpango huo uliachwa na bustani ikabaki. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa wakitetea msitu wa Karura. Leo katika msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Mwaka 2020 wakazi walipaza sauti hadi mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ukanusurika barabara mpya.

Mti hupunguza joto, hushika vumbi na hutuliza akili. Panda wa kienyeji, na kando ya mto usipande mikaratusi inayokunywa maji mengi. Aliyepanda mti aandikwe jina na apewe kazi ya kuumwagilia kwa miaka miwili ya kwanza. Mti usio na mwenyewe hufa Januari.

Mboga katika magunia ni wazo jingine zuri. Kibera lilienea sana baada ya mwaka 2008, na sheria ya kaunti ya mwaka 2015 inakubali kilimo cha mjini. Gunia moja mlangoni huweza kukupa sukuma wiki na mchicha wa kila wiki. Hata hivyo, jihadhari. Udongo usitolewe karibu na jaa, gereji au reli. Usimwagilie maji taka, kwani utaila ile risasi na vile vijidudu tulivyokwisha kuvitaja. Gunia lisiwe kando ya barabara yenye magari mengi. Na osha mboga kwa maji safi kabla ya kukata.

WENYE MAMLAKA WASIJIFICHE

Mtu asije akakwambia kwamba kwa kuwa wewe una ndoo mbili, kaunti haina tena kazi. Hakuna ploti inayoweza kufunga jaa la Dandora, kujenga mabomba ya maji taka au kuzuia kiwanda kumwaga sumu mtoni. Hizo ni kazi za waliochaguliwa na kulipwa kwa kodi yako.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala huhitaji kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Kabla ya kufika huko, hudhuria mikutano ya kaunti ya kujadili bajeti. Uliza ni kiasi gani kimetengewa wadi yako kwa mitaro, vyoo vya umma na uzoaji taka. Rudi mwaka unaofuata uulize zimekwenda wapi.

Na mkumbuke mzoa taka. Yeye ndiye anayeokoa plastiki na vyuma kwa mikono mitupu. Usimtupie kioo kilichovunjika au sindano ndani ya mfuko. Funga kioo katika gazeti kuukuu, hata hili likiisha kusomwa, na umwonye. Sindano ziweke katika kopo gumu lenye kifuniko na uzirudishe kliniki.

ANZA HAPA

Usiku wa leo, nunua au tafuta ndoo ya pili. Kesho, zungumza na jirani mmoja, si ploti nzima. Jumamosi, mtafute kijana wa mkokoteni na mwulize ananunua nini na kwa bei gani. Mwezi huu, itisheni mkutano mfupi wa korti mkubaliane mambo matatu: hatuchomi, hatuchanganyi, tunazibua mtaro kabla ya mvua. Yaandikeni ukutani.

Siku moja utashuka matatu saa moja jioni, utanunua sukuma wiki zako, na kabla hujafika langoni pua yako haitakupa habari yoyote. Dirisha litakuwa wazi na mtoto amelala. Ukiona hivyo, uliza tena lile swali: taka zimekwenda wapi? Ikiwa jibu ni kwamba zimekuwa mboji, chakula cha kuku na pesa za kijana wa mtaani, basi hapo mmesafisha kweli. Ikiwa jibu ni kwamba ziko Dandora, bado kazi ipo.